Mirusho ya Ukutani

Teruyoshi Ochi hakupenda kunywa supu yake ya miso, ile ya soya, kimyakimya. Alipenda kuinywa huku anasikia mpira. Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mvua isiponyesha, mpira ulianza kugonga ukuta wa ghala lake la machenza. Du! Kimya kidogo. Du! Kimya kidogo. Du! Na yeye huko ndani amekaa kitako kwenye mkeka, bakuli mkononi, macho kayafumba kama mtu anayesikiliza taarabu.

"Msikie huyo," alimwambia mkewe kila siku. "Msikie! Huo umeingia katikati kabisa."

"Umeuona?" Sanae alimjibu bila kugeuka jikoni.

"Nauona kwa masikio."

"Haya, kula. Wali unapoa."

Mrushaji mwenyewe alikuwa Nagi Shigematsu, binti wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, miguu mirefu, maneno machache. Ukutani palikuwa na mraba wa rangi nyeupe ambao Ochi aliuchora miaka thelathini na moja iliyopita, mwaka ule alioanza kuifundisha timu ya besiboli ya watoto wa shule ya msingi pale kijijini, na tangu siku hiyo geti lake halikufungwa. Mtoto anayetaka kurusha kabla ya shule, karibu. Majira yale ya kuchipua walianza wanne. Mvua za Juni zilipoingia alikuwa amebaki mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyemvimbisha Ochi kichwa.

Na msimdhanie Ochi mtu wa hovyo, la hasha! Sheria ya mashindano ya watoto inasema mrushaji mmoja asizidishe mirusho sabini kwa siku, na Ochi aliishika sheria hiyo utadhani kaitunga yeye. Mama yake Nagi alivaa shingoni kile kidude cha kuhesabia, cha kubonyeza kwa dole gumba, na kila mrusho wa mechi na wa mazoezi aliubonyeza na kuuandika daftarini kwa kalamu nyekundu. Kocha wa timu nyingine akijifanya hamnazo na kumwacha mtoto wake afike themanini, Ochi alivuka uwanja mzima kwenda kumpasha. Mwaka jana alimtoa Nagi kwenye kilima cha mrushaji, mirusho sitini na minane, timu inaongoza kwa moja. Wakafungwa. Wazazi wakanuna wiki mbili. Ochi hakujuta hata kidogo, na alipenda watu wajue kwamba hajuti.

Ya ukutani ndiyo hakuna aliyeihesabu. Nani anakaa kuhesabu kitu kinachomfurahisha?

Mkono wa kulia wa Ochi mwenyewe ulikuwa hauendi mbele wala nyuma. Haukunyooka, na ukikunjwa haukufika usoni, hivyo alinawa uso kwa mkono mmoja na kifungo cha juu cha shati alifungiwa na mkewe. Yeye aliuita medali. Watoto wote wa timu waliijua habari ya medali ile, maana walisimuliwa kila mwaka kambini: Ochi ana miaka kumi na saba, nusu fainali ya mkoa, jua la Agosti linachoma, duru kumi na tano, sifuri kwa sifuri, mirusho mia mbili na kumi na miwili. "Na bado nimesimama!" alimalizia, na watoto wakapiga makofi. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za duru ya kumi na sita.

Basi Jumapili moja ya Juni akaja Daktari Hamaoka, daktari wa mifupa, mwanamke mwembamba mwenye miwani, kabeba mashine ya altrasaundi kwenye mkoba. Mwaka ule wilaya ilikuwa imeamua viwiko vya watoto wote wa besiboli vipimwe palepale viwanjani. Watoto wakapanga foleni kando ya wavu, mikono ya mashati wameikunja mpaka mabegani.

Daigo mdakaji, mtoto mnene asiyejua kunyamaza, ndiye aliyetangulia. "Daktari, hebu niangalie basi," alisema, "ni wa kike au wa kiume?"

Watu walicheka mpaka Ochi akasahau kumfokea.

Kisha watoto wakaanza kelele, na Kocha naye apimwe, na Kocha naye! Ochi hakuhitaji kubembelezwa. Akaketi, akatoa mkono wake kama mtu anayetoa mkono apokee tuzo. Daktari akapaka ule utelezi, akapitisha kifaa taratibu, na kwenye kioo kikatokea kitu kama sahani iliyovunjika.

"Hivi ni vipande vya mfupa," alisema daktari. "Kimoja, viwili, vitatu... hiki cha nne. Vinaelea humu ndani miaka yote hii."

"Kha! Kocha una mawe mkononi!" Daigo akapayuka.

"Hiyo ni medali, mjinga wewe. Haya, Nagi, kaa wewe."

Nagi akaketi. Daktari akamuuliza kama panauma popote, na Nagi akajibu, "Niko sawa."

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Katika timu ya Ochi jibu lilikuwa hilo moja tu. Yeye akiwa pembeni ya uwanja hupaza sauti, "Uko sawa?" na mtoto hupaza sauti, "Niko sawa!" Ilikuwa kama hodi na karibu. Mwezi Aprili mpira ulimpiga Daigo puani, damu chururu mpaka kwenye glovu, Ochi akauliza, Daigo akajibu niko sawa, mchezo ukaendelea. Wazazi walipenda sana. Walisema watoto wanapata adabu.

Daktari Hamaoka akapitisha kifaa upande wa nje wa kiwiko cha Nagi. Akakirudisha. Akakipitisha tena, kisha akaomba mkono wa kushoto aulinganishe na wa kulia. Alipoacha kuzungumza, watoto nao wakaacha kusukumana.

"Mama Nagi naomba usogee. Na Kocha."

Wakasogea. Daktari akawaonyesha mstari mweupe. Kwenye mkono wa kushoto ulikuwa umenyooka. Kwenye mkono wa kulia ulikuwa na sehemu imebonyea, imechakaa. "Mfupa ulio chini ya gegedu umeanza kulika," alisema. "Bahati nzuri ni mwanzo. Hatua hii mtoto hasikii maumivu yoyote, au anasikia kidogo akanyamaza. Akiendelea kurusha kitakatika kipande, halafu cha pili. Kocha umeona mwenyewe sasa hivi mambo hayo yanaishia wapi."

"Na akiacha?" Mama Nagi aliuliza.

"Akiacha kabisa, wengi hupona. Nasema kabisa. Si mechi, si mazoezi, si kucheza na wenzake. Mpaka majira ya baridi, kisha nimwangalie tena."

Mashindano ya wilaya yalikuwa Agosti, ya mwisho kwa Nagi kabla hajamaliza shule ya msingi. Lakini si hilo lililomtoka Ochi mdomoni. "Haiwezekani!" alisema. "Daktari, haiwezekani. Sabini! Hajawahi kuvuka sabini mtoto huyu. Mama Nagi, mletee daftari."

Daktari akalipekua lile daftari la kalamu nyekundu ukurasa kwa ukurasa, na wala hakuwa na haraka. "Sijaona timu inayoandika vizuri hivi," alisema. "Kwa haya yaliyoandikwa sikutegemea kuona mfupa wa namna hii. Nagi, unarushia wapi pengine?"

Nagi akatazama viatu vyake. Kisha akamtazama Ochi mara moja tu, haraka, akarudisha macho chini.

"Ukutani."

"Ukuta gani?"

"Ukuta tu. Asubuhi kabla ya shule."

"Mingapi?"

"Sitini. Siku isiyo ya shule, mia."

"Asubuhi?" Mama Nagi alishika kiuno. Yeye alitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu kila siku kwenda kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na hakuna mwingine nyumbani wa kumwangalia mtoto akitoka. "Si uliniambia unawahi kumwagilia bustani ya shule? Unanidanganya mimi, Nagi? Mimi nakaa juani nabonyeza hiki kidude mpaka dole limeota sugu, kumbe wewe unanizunguka? Nani alikuruhusu?"

"Hakuna mtu," alisema Nagi. "Hakuna anayejua."

Watoto wote kwenye foleni waliujua ukuta huo ni wa nani. Daigo alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwona akifanya hivyo.

Ochi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa yule mtoto. Neno lilikuwa tayari kabisa. Ni kwangu. Ni ukuta wangu, nilikuwa nasikia. Maneno mafupi tu, lakini ulimi ukamganda. Akatazama wavu. Akajiambia atasema baadaye, mbele ya watu wachache, kwa utaratibu. Mama Nagi akamgombeza mtoto mbele ya timu nzima na mbele ya daktari, na Nagi akasimama akayapokea yote ameinamisha kichwa, na Ochi akaendelea kutazama wavu. Wavu wenyewe wala haukuwa na kitu.

Jioni alimkuta Sanae bado yuko shambani juu ya kilima, anapunguza machenza mabichi, ndoo mbili zimejaa. Akamweleza. Alieleza vizuri tu mpaka alipofika kwenye "hakuna anayejua", hapo akakohoa.

Sanae akatua mkasi. "Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na miwili kakuficha nyuma yake, nawe ukajificha."

"Nitasema."

"Lini? Akishapona au akishakatwa?"

"Sanae, jamani..."

"Nisikilize, Baba Hisashi. Kila mwaka unanipandisha huku nikate machenza mabichi kwa maelfu, nitupe, eti mti usichoke, eti ukizaa sana mwaka huu mwakani utagoma. Nikibakiza tunda moja zaidi unanifokea. Mchenza unauonea huruma, mkono wa mtoto huuonei? Kila asubuhi! Msikie huyo, msikie huyo! Na mimi nami mpumbavu, nakuchotea supu."

Ochi akasogea kwenye mti wa jirani. Akachukua mkasi wa pili, wakafanya kazi mpaka giza likaanza kuingia.

Asubuhi ya pili yake alikaa mkekani na bakuli lake. Alijua hapatakuwa na sauti. Saa kumi na mbili na dakika kumi ikapita, akashusha pumzi.

Du!

Du! Akahesabu, mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja. Tatu. Nne. Tano. Bakuli likaanguka, supu yote mkekani, na Sanae akalia "Baba Hisashi!" lakini Ochi alikuwa ameshatoka nje na soksi.

Nagi alikuwa na mpira mkononi, mguu umeshainuka. Alipomwona akauteremsha. Miezi yote ile Kocha hakuwahi kutoka kuja kumwangalia.

"Weka chini," alisema Ochi.

"Niko sawa, Kocha."

"Sijakuuliza."

"Nimerusha polepole. Sita tu."

"Mitano. Nimehesabu."

Nagi akakaza mdomo. "Na ule wa kwanza uliopita juu ya ukuta, umeangukia kwa kuku."

Kama si siku ile Ochi angecheka. Akaketi juu ya kreti la machenza, soksi zote zimelowa umande. "Jana kwa nini ulisema hakuna anayejua?"

"Wangekuondoa," alisema mtoto. "Halafu Kocha, mwenyewe ulirusha mia mbili na kumi na miwili. Mimi sitini tu kwa siku, inakuwa mingi?"

Hoja hiyo ilikuwa ya Ochi mwenyewe, aliisimulia kila mwaka kwa madaha na makofi akapokea.

"Ile habari ina mkia," alisema. "Sijawahi kuusimulia. Kuanzia duru ya kumi sikuwa nasikia vidole. Nilikuwa nautazama mpira nijue kama nimeushika. Kocha wangu akanijia, akaniuliza uko sawa? Nikasema niko sawa. Duru ya kumi na mbili akauliza tena, nikasema niko sawa. Duru ya kumi na sita nikarusha mrusho mmoja, wa mia mbili na kumi na tatu, na kitu humu ndani kikalia kama kijiti. Mpira haukufika hata kwa mdakaji. Tukafungwa. Nagi, tangu siku ile sijarusha mpira. Nawarushia kwa chini kwa mkono wa kushoto, hamjaona? Nina miaka sitini na tatu, na kifungo cha shati nafungiwa na mke wangu."

"Ulisema ni medali."

"Ningesemaje? Nilikuwa naona aibu."

Mtoto akautazama mpira mkononi. Alipoanza kulia alilia kwa hasira, akasema haya ndiyo mashindano yake ya mwisho, akasema sekondari ya pale hawachukui wasichana kwenye kilima, akasema si haki. Ochi hakumwambia anyamaze. Kwa kweli haikuwa haki. Alipomaliza akampa Ochi ule mpira, Ochi akautia mfukoni.

Siku hiyohiyo saa nne, wakati wa wafanyakazi kunywa chai, Ochi alikwenda kwenye nyumba ya wazee akasimama kwenye maegesho na viatu vyake vya shamba. Mama Nagi akatoka akijifuta mikono kwenye aproni.

"Ukuta ni wangu," alisema Ochi. Hakusalimia hata, maana alijua akianza na salamu ataishia kwenye habari za mvua. "Ukuta wa ghala langu. Anarushia kwangu tangu Machi."

Mama Nagi akamtazama. "Na wewe ulikuwa hujui."

"Nilijua. Nilikuwa nasikia."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Nilikuwa nakunywa supu."

Mama Nagi akaacha kujifuta mikono. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kile kidude cha kuhesabia. Pengine alikuwa akitembea nacho kwa mazoea. "Mimi nimekaa juani miaka mitatu," alisema taratibu, na ule utaratibu ulikuwa mbaya kuliko kufokewa. "Sijakosa mrusho hata mmoja. Nilipohitaji kwenda msalani nilimpa mtu ashike. Jana nimemtukana mwanangu mbele ya watu, nawe umesimama pale. Pale, Kocha! Ningenyoosha mkono ningekugusa." Akamtilia kidude mkononi. "Hesabu mwenyewe."

Akarudi ndani. Ochi akainama kuomba radhi, ameuelekea mlango uliokwisha fungwa, kichwa chini, akakaa hivyo mpaka mzee mmoja dirishani akaanza kumpungia.

Jumamosi akaitisha wazazi wote, akasema yote tena, akatoa na barua ya kujiuzulu. Wakamsema sana, na walikuwa na haki. Lakini ilipofika kwenye nani atachukua timu, kila mmoja akakumbuka kazi zake, kila mmoja ana mgongo, ana zamu, ana mama mgonjwa, na barua ikarudishwa kwenye mfuko wa mwenyewe. Baba Daigo akasema tusamehe tu, tutazame mbele. Mama Nagi alikuwa ameketi nyuma. Hakusema samehe wala usisamehe.

Ochi akarudi nyumbani akapanga makreti mbele ya ule mraba mweupe, safu juu ya safu, mpaka paani. Na kuanzia Jumatatu alikunywa supu yake kimyakimya, nayo ilikuwa haina ladha kabisa.

Uwanjani alifuta neno. "Uko sawa?" ilikatazwa, na "niko sawa" ilikatazwa zaidi. Badala yake aliuliza, "Wapi panauma?" Watoto walipigwa na butwaa. Wiki ya kwanza walijibu "Hakuna!" kwa sauti ileile ya kijeshi. Daigo akasema panamuuma tumboni, ana njaa. Kwa ufupi, haikufanya kazi, lakini Ochi aliendelea kuuliza.

Agosti ikafika. Bila Nagi, timu ikafika nusu fainali, kwa bahati zaidi kuliko ujuzi. Timu ikipiga, Nagi alisimama kando ya kituo cha tatu, akiwaelekeza wakimbiaji, glovu hana. Duru ya mwisho wanaongoza tano kwa nne, na mrushaji aliyebaki, wa darasa la tano, alikuwa amepoteza mirusho nje mpaka wapigaji wawili mfululizo wakapewa kituo cha kwanza bure, huku machozi yanamlengalenga.

Baba Daigo, msaidizi wa kocha, akamsogelea Ochi sikioni. "Kocha. Wapigaji watatu tu. Mirusho kumi. Mama yake hayupo, yuko zamu."

Ochi hakugeuka.

"Miezi miwili amepumzika! Muulize mwenyewe."

Hakukuwa na haja ya kumuuliza. Nagi alikuwa ameshakuja mbele yake, kofia kaishika mkononi, ameiva uso kwa jua. "Kocha, niko sawa," alisema. "Kweli safari hii. Niko sawa."

Na alikuwa sawa! Hilo ndilo lililomkata maini Ochi. Mkono haukumuuma, ulinyooka, ungerusha mirusho kumi mizuri, na pengine wangeshinda, na miaka kumi na tisa timu haijafika fainali. Mkononi mwake alikuwa na kile kidude cha kuhesabia, kinasoma mirusho ya yule mtoto mwingine, ishirini na mitatu.

"Rudi benchi," alisema.

"Kocha!"

"Rudi, Nagi. Unichukie ukiwa kule."

Akaenda. Mrushaji wa darasa la tano akarusha mirusho mitatu zaidi, na wa tatu ukapigwa mpaka kwenye uzio. Wakafungwa sita kwa tano. Watoto wakalia kwa mstari, Daigo kuliko wote. Nagi hakulia na hakumsemesha Ochi hata siku moja mpaka majani yakaanza kuanguka.

Novemba machenza yakaiva. Ochi akapeleka kreti kwa Mama Nagi, likarudishwa mlangoni halijafunguliwa. Desemba akapeleka jingine, likarudi. Lakini Desemba hiyohiyo Daktari Hamaoka alimwangalia Nagi, akasema mfupa unajaza, subirini. Habari hiyo Ochi aliipata kwa Daigo, na aliposikia alikwenda nyuma ya ghala akakaa huko peke yake, na Sanae akamwacha.

Machi, wiki moja kabla ya watoto wa darasa la sita kuagwa shuleni, asubuhi ya Jumapili, geti likalia. Ochi akatoka. Alikuwa Nagi, na glovu yake, amerefuka mpaka suruali inamfika juu ya vifundo. Nyuma yake alikuwa mama yake.

"Daktari karuhusu," alisema Mama Nagi, akiutazama ukuta, si Ochi. "Kumi, polepole, hatua kumi tu, kwa mtu na si kwa ukuta. Siku moja ndiyo, siku mbili hapana. Baba hana, mimi siwezi kudaka. Amesema anataka hapa."

"Na kidude?" alisema Ochi. Alikuwa nacho mfukoni. Miezi tisa alilala nacho karibu na mto.

Mama Nagi akakipokea, akakirudisha kwenye sifuri, akakivaa shingoni.

Ochi akachuchumaa mbele ya makreti, magoti yakilia, glovu kwenye mkono wa kushoto. Sanae akatoka jikoni akasimama mlangoni na taulo. Nagi akahesabu hatua kumi, akageuka, akavuta pumzi.

Mrusho wa kwanza ulikuja juu, laini, wa mtoto mdogo. Mama Nagi akabonyeza. Wa pili ukaja kwenye glovu. Wa tatu, wa nne. Kila mara Ochi aliivua glovu, akaurudisha kwa chini kwa mkono uleule wa kushoto, na wakati wote moyo ulimdunda kuliko alivyokuwa na miaka kumi na saba. Wa tano. Wa sita ulikuwa na ukali kidogo, akataka kusema eeh! akajizuia. Wa saba.

Nagi akaupokea mpira. Akauzungusha vidoleni, akautazama, akasimama muda mrefu mpaka kuku wakaanza kupita katikati yao.

"Kocha," alisema. "Panauma kidogo. Hapa, begani. Si kiwikoni. Kidogo tu, kama nimelala vibaya. Lakini panauma."

Miaka thelathini na moja, watoto mia nne na ushee, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia hivyo. Ochi akakaa chini palepale kwenye udongo. Akavua kofia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha, na mkono wa kulia haukufika usoni kuyafuta.

"Basi," alisema. "Imetosha leo. Ahsante, Nagi. Ahsante sana."

"Saba," alisema Mama Nagi. Akatoa daftari mfukoni, na kalamu nyekundu, akaandika. Kisha, bado anaandika, akamuuliza Sanae kama katika yale machenza yaliyorudishwa lilibaki hata moja.

"Yalishaoza zamani hayo," alisema Sanae. "Ingieni ndani. Kuna supu."